Mashine Mlangoni

Sheria mpya: kabla hujakanyaga mstari
unakaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wake mmoja umefungwa kamba,
unampa Editha mkono wa kushoto,
unanyamaza.

Editha alikuwa nesi miaka thelathini na mmoja.
Hana utani na namba.
Mkanda unavimba, unabana
kama mkono wa mtoto anayevushwa Barabara ya Mandela,
kisha unaachia kidogo kidogo, kwa mlio wa nyoka aliyechoka.

Mia moja sabini na nane kwa mia na nne.

Ananitazama juu ya miwani.
Umekunywa dawa?
Nimekunywa.
Leo?
Nikaangalia raba zangu.

Basi nimewekwa hapa, kwenye benchi la shule, Keko,
na daftari la magoli mapajani,
mimi niliyechezea timu ya kiwanda mwaka themanini na tatu,
niliyeitwa Kishada,
kwa kuwa nilikwenda juu
na sikuwa na haraka ya kushuka.

Wenzangu wanaingia kwenye saruji.
Mwahija na goti lililofungwa kipande cha kitenge,
kitenge cha harusi ya binti yake, kilikuwa kizuri.
Bi Pili na glukosi ndani ya sidiria,
kwa sababu sukari yake, anasema, hushuka bila kupiga hodi.
Asnati na viatu vya mjukuu, namba moja zaidi, soksi mbili mbili.
Dumu la maji ya chumvi na sukari kivulini.
Saa moja asubuhi, na jua tayari linatudai.

Hakuna kuruka baada ya robo ya pili.
Hakuna kurudi kinyumenyume kwa mbio.
Anayeona nyota aseme, asione haya.
Sheria zimebandikwa ukutani kwa gundi ya unga,
na mbuzi wa jirani ameshakula ya nne.
Hakuna anayekumbuka ilisemaje.

Vijana wa bodaboda wamekaa juu ya ukuta:
Bibi, rusha! Bibi, usivunjike!
Zamani tungewajibu.

Zamani, maana yake kabla ya Sikujua.

Mwezi wa sita, mwaka jana, katikati ya mchezo
aliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu.
Tulicheka. Mimi ndiye niliyesema,
inuka bibi harusi, mpira unakungoja.
Akakaa vilevile.
Ndipo nikaona raba zake:
zilikuwa za kubandika.
Hazikuwa na kamba.

Rambirambi ilipobaki, elfu tisini na kitu,
wengine walitaka jezi.
Editha akaenda Kariakoo peke yake,
akarudi na boksi na betri nne,
akaliweka mezani, hakusema neno.
Jezi hatukununua.

Sasa mpira umemponyoka Asnati,
unakuja, unadunda, unasimama mguuni pangu.
Mwili wangu mzima umeshasimama
isipokuwa mwili wenyewe.
Nimeuokota nimekaa.
Nimeusukuma kwa mikono miwili kutoka kifuani,
umekwenda moja kwa moja, chini kidogo, mpaka kwa Mwahija,
naye hakuhitaji hata kunyoosha kiwiko.

Kishada! amesema. Mara moja tu, kisha akafunga goli.
Nimeliandika. Kumi na moja kwa tisa.
Mwandiko wangu umetetemeka kidogo,
nasingizia benchi.

Mapumziko. Editha amerudi na mkanda.
Mia moja sitini na mbili kwa tisini na nane.
Nikamtazama kama mtoto anavyoitazama sahani ya mwenzake.
Bado, amesema,
akanimiminia maji, yale matupu, yasiyo na chumvi,
akakaa karibu yangu hadi filimbi.

Jumamosi ijayo nitameza saa kumi na mbili,
nimesimama, mbele ya kioo, nikijiona ninavyomeza.
Halafu nitashuka bondeni
nikiwa nimeshakunja mkono wa kushoto wa blauzi.